Juisi Isiyopenda Kunywewa Peke Yake

Zima hiyo blenda kwanza, Mwende. Zima tusikizane. Mmekuja kwangu ati niwafundishe juisi ya mboga, halafu mnawasha kitu kinanguruma kuliko mashine ya kusaga mahindi, na hakuna anayesikia neno la mwenzake. Mimi nimekamua mboga hapa Kibwezi tangu barabara ya Mombasa ikiwa na mashimo ya kuficha mbuzi, na mteja wangu hakuwahi kupigiwa kelele na chombo. Kama ni kelele, mdomo wangu ulitosha.

Na hicho kibao mmeegemeza hapo mlangoni, ni cha nani? Nisomeeni. Aha. "Juisi ya Uzima. Inatibu presha, sukari, mgongo, wasiwasi na kukosa usingizi." Yote hayo kwa glasi moja! Hamjui kumenya karoti, lakini kibao kimeshapakwa rangi. Wewe ni mjukuu wangu, Mwende, na hawa wenzako wa kikundi cha vijana cha kanisa nawapenda, lakini kibao hicho hakitatundikwa kwa kibanda changu nikiwa na macho. Kaeni chini niwaambie kwa nini. Si hapo, wee kijana, hapo ni mahali pa kinu.

Kazi yenyewe si ngumu. Karoti unaiosha, unaikwaruza, unaitia kwa kinu na maji kidogo yaliyochemshwa yakapoa. Unaponda polepole. Majani, kama ni spinachi ama terere changa, unayapitisha kwa maji moto mara moja, unayatoa kabla hayajalegea. Tangawizi kidogo, nanaa ukipata, dania kwa mbali. Halafu unamimina yote kwa kitambaa cha marekani kilichochemshwa, unakamua. Limau inaingia mwisho, na ikiingia hakikisha hutumii sufuria ya alumini, ama utakunywa ladha ya kijiko. Juisi inanywewa papo hapo. Ikingoja jioni hiyo si juisi tena, ni maji ya kuoshea mboga. Hiyo ndiyo siri yote ambayo watu wa hapa walidhani naificha.

Aliyenifundisha ni Shangazi Nduku, dada ya baba yangu, mtu wa Kasikeu. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo, kwa hivyo nikisema shangazi muelewe nasema mama. Kabla ya uhuru alikuwa mpishi kwa mzungu wa shamba la katani huku chini, na mke wa huyo mzungu alikuwa mtu wa magonjwa mengi. Leo kichwa, kesho mgongo, keshokutwa ati hewa ya Ukambani imemkalia vibaya. Kila asubuhi alipondewa karoti na nanaa, anakunywa glasi moja, halafu analalamika mpaka chakula cha mchana.

"Mwiitu," shangazi aliniambia, maana hivyo ndivyo alivyoniita, msichana, hata nilipokuwa na watoto wangu mwenyewe, "mimi nilikuwa nakunywa ile inabaki kwa kitambaa, na sikuwa na wakati wa kuugua."

Wazungu walipouza shamba wakaenda zao, shangazi alibaki na kikwaruzo cha karoti na ujuzi. Kinu cha nyumbani alikataa katakata kukitumia, kwa sababu kilikuwa cha muthokoi, na kinu kilichokoboa mahindi ya muthokoi miaka yote hakiwezi kuacha harufu kwa ajili yako. Akaenda kwa mchongaji akachongewa kidogo, hiki hapa mnachokiona. Ndani ya kinu hiki nilifundishwa kazi, na kufundishwa kwenyewe kulikuwa kwa matusi.

"Unaponda ama unapigana? Hayo majani yamekukosea nini?" Ukiponda kwa hasira, yanatoa uchungu wote. "Na kukamua, kamua kama nguo ya mtoto mchanga. Hiyo unakamua kama suruali ya mume aliyelala nje!"

Makosa nilifanya, tena ya kutosha. Nilipofungua kibanda hapa kwa barabara, miaka ya sabini, niliona nitajifanya mjuaji, nikaweka mwarobaini mkono mzima kwa juisi ya dereva wa lori. Nilidhani uchungu ukizidi na afya inazidi. Yule bwana alikunywa, akafunga macho, akanishukuru kwa adabu, akawasha lori. Aliporudi kutoka Mombasa hakusimama. Alipiga honi tu, akatoa kichwa dirishani akapiga kelele, "Mama, choo zote za njiani nazijua sasa!" Shangazi alicheka mpaka akashika ukuta. Tangu siku hiyo mwarobaini naupenda ukiwa mti.

Sasa bitiruti. Hapa ndipo taabu yote ilianzia, kwa hivyo sikizeni vizuri.

Wakulima wa kunyunyizia maji kule mtoni walianza kupanda bitiruti za kupeleka hoteli za Mombasa. Zile zenye sura mbaya hazikutakiwa na mtu, nikawa naziokota mimi. Mara ya kwanza kuzinywa nilikamua glasi kubwa, tamu ajabu, nikalala. Asubuhi nikaenda choo, nikaona nyekundu. Woi! Nilipiga yowe moja, shangazi akaja mbio na mwiko mkononi akidhani ni nyoka.

"Ni nini?"

"Nakufa! Natoka damu!"

"Jana ulikula nini?"

"Bitiruti."

Aligeuka akarudi jikoni kwake, na mimi nikajua. Bitiruti ina rangi, na rangi ikiingia lazima itoke. Muweke hiyo akilini, kwamba shangazi ndiye aliyenijia na mwiko.

Basi kulikuwa na Mzee Mutinda. Mzee wa kanisa letu, mwenye duka la mabati na misumari, mtu mzuri, lakini tumbo lake lilikuwa linaingia mlangoni kabla yake. Alikuwa na presha, na dawa ya presha alikuwa nayo, na nyama choma ya mbuzi alikuwa nayo pia, kila jioni, pale kwa mchinjaji mbele ya kanisa. Jumamosi moja alikuja kwangu amekunja uso.

"Dada Syombua, daktari anasema nipunguze nyama. Nipe kitu kitanisaidia nisipunguze."

Nilimkamulia bitiruti na spinachi. Hakunywa glasi, alikunywa jagi. Akapangusa mdomo, akaenda kwa mchinjaji.

Jumapili asubuhi, kumbe mzee ameamka akaona mambo. Mtu mwingine angekimbia hospitali. Mzee Mutinda alikimbia kwa mke wake, na mke wake, ambaye hakuwahi kuonja bitiruti maishani, akamwambia papo hapo, "Baba Kyalo, hiyo ni damu chafu inatoka. Umepona."

Nyinyi mnajua vile kwetu wakati wa ushuhuda unaheshimiwa. Mhubiri unaweza kumsinzilia, lakini mtu akisimama kutoa ushuhuda hata watoto wananyamaza. Mzee Mutinda alisimama, akafunga koti, akashusha sauti.

"Bwana asifiwe!"

"Asifiwe!"

"Leo asubuhi, wapendwa, nimetokwa na damu chafu. Damu ya miaka yote! Imetoka yenyewe, na sikusikia uchungu hata kidogo."

"Amina!"

"Na Mungu ametumia juisi ya dada yetu Syombua."

Kanisa zima likageuka kuniangalia. Nilikuwa kwa benchi ya nyuma nikijifunga leso, nikabaki nimeinua mikono kama mtu amekamatwa na askari. Baada ya ibada nilimfuata mzee nje, nikamwambia kwa heshima kwamba ile si damu, ni rangi ya bitiruti, hata mimi imenitokea.

Alinishika bega. "Dada, usimnyime Mungu utukufu wake."



Jumatatu nilikuta foleni imefika kwa fundi wa baiskeli. Watu walitoka Kasikeu, walitoka Makindu, mwingine alitoka Tseikuru kule kwenye mifugo, safari ya kuchosha punda, kuja kuniuliza kama naweza kumtengenezea fahali wake ambaye amekuwa mvivu. Watu wazima, wazee wenye fimbo, wakawa wanasimuliana habari za choo mbele ya wakwe zao bila aibu. Aliyepata nyekundu alipongezwa. Aliyekosa alirudi kwangu amevimba.

"Mama, yangu imetoka vile vile kama zamani. Kwani uliniwekea maji?"

"Wewe ulikunywa ya karoti."

"Basi nipe ya damu!"

Ya damu! Juisi ya spinachi na nanaa, ambayo nilikuwa nimeitengeneza kwa ustadi wa miaka, ikawa haina mtu. Karoti, hakuna mtu. Wote walitaka kuona nyekundu, na mimi nikawa nawaambia mmoja mmoja, ni rangi, ni rangi, ni rangi, na kila nikisema wananikonyeza kwamba wameelewa, mimi ni mtu wa siri. Nilikasirika, lakini sitawadanganya, nilicheka pia. Wajinga walikuwa wanakunywa mboga kila siku kwa mara ya kwanza tangu waachishwe ziwa. Niliona hakuna ubaya. Mtu akila mboga anaenda choo vizuri, ngozi inatulia, mwili unakuwa mwepesi. Hayo ni ya kweli na hayahitaji ushuhuda.

Kicheko kiliniisha siku nilipopangusa vumbi juu ya kabati la shangazi.

Wakati huo alikuwa amezeeka, mumewe ameshafariki, anaishi na mimi hapa nyuma ya kibanda. Alikuwa na ugonjwa wa sukari. Daktari wa kliniki alikuwa amempa vidonge, akamkataza sukari kwenye chai, na shangazi alikuwa ametii, ingawa kila akinywa hiyo chai alikuwa anaiangalia kama mtu amefiwa. Vidonge alikuwa anavitia kwa kopo la kakao. Nilipolishika kopo hilo kupangusa, lilikuwa limejaa mpaka juu.

"Shangazi, dawa humezi?"

"Za nini?" Alikuwa ameketi kitandani, jagi la bitiruti mapajani, ametia asali ya Kitui, ile nzito ya mizinga, mpaka kijiko kinasimama. "Hospitali imenipa vidonge miaka na miaka, na sukari iko. Mutinda amekunywa hii, damu chafu imetoka. Mimi yangu inatoka kila siku, naona."

Shangazi Nduku! Yule yule wa mwiko. Mtu aliyejua bitiruti kabla ya Kibwezi nzima. Nikamkumbusha siku ile nilipopiga yowe. Akaniambia, hiyo ilikuwa ya kwako, ulikuwa mzima, kwa hivyo ilikuwa rangi. Ya mgonjwa ni damu.

Ndugu zangu, mtu mgonjwa akitaka kupona, akili zake zinaenda zinapoambiwa kuna mlango. Sikujua hivyo mpaka siku hiyo.

Alikuwa na kiu isiyokatika. Alikunywa jagi, akaomba maji, akanywa mtungi, akaenda choo, akarudi, akaenda tena. Nguo zilimlegea mabegani. Na kila akirudi kutoka choo alikuwa na furaha. "Unaona vile ugonjwa unatoka? Haulali! Na mwili umepungua, angalia kiuno, kama nilivyoolewa." Mimi nilikuwa naangalia, na nilikuwa naogopa. Nilikuwa na mama mmoja tu aliyebakia hapa duniani, na alikuwa anakufa kwa juisi yangu, glasi baada ya glasi, huku akinishukuru.

Nilimnyima. Akatuma kwa jirani, maana kila kibanda cha barabara kilikuwa kimeanza kukamua bitiruti. Halafu akaacha kuongea na mimi. Jioni moja tukipukuchua maharagwe akasema, bila kuniangalia, "Watu wa Tseikuru unawapa. Fahali unampa. Mimi niliyekufundisha kushika mchi, unaninyima. Ama unangoja nife upanue kibanda?"

Maneno hayo yaliniuma, na yananiuma hata leo nikiyataja. Nilienda nje nikalia nyuma ya matangi ya maji.

Nikaona, sawa, kama ni ushuhuda ulioleta haya, ushuhuda utayaondoa. Jumapili nikasimama. Shangazi alikuwa benchi ya mbele. 

"Bwana asifiwe."

"Asifiwe!"

"Wapendwa, juisi yangu haiponyi mtu. Ni mboga. Ile nyekundu si damu, ni rangi. Mwenye ugonjwa ameze dawa ya hospitali. Mimi si daktari, ni mwanamke wa kukamua karoti."

Nikasema moyoni, wameshika. Halafu mchungaji akainuka taratibu, ametoa miwani, machozi yanamlenga.

"Mmesikia, wapendwa? Katika siku hizi za watu kujisifu! Dada yetu Mungu amempa kipawa, na anakataa sifa. Huo ndio unyenyekevu!"

"Amina!" Kanisa likalipuka. Mtu akaanzisha wimbo. Mzee Mutinda akapiga makofi mpaka koti likafunguka. Shangazi alikuwa analia kwa fahari. Na Jumatatu foleni ilimpita fundi wa baiskeli ikafika kwa mnadi wa ng'ombe. Nilikuwa nimejitangaza kuliko mtu yeyote aliyewahi kujitangaza kwa barabara hii.

Aliyeniokoa ni mama mmoja wa kuuza ndizi. Alikuja akachukua glasi yake, akaishikilia bila kunywa, akanong'ona, "Na masharti yake?"

"Masharti gani? Kunywa tu."

"Kunywa tu?" Akairudisha mezani. Alikuwa amevunjika moyo kabisa. "Haina masharti? Sasa itafanyaje kazi?"

Nilibaki na kitambaa mkononi, nikamwangalia. Mnajua, wazee wetu walipoenda kwa mganga hawakurudi na dawa peke yake. Walirudi na masharti. Usile kondoo. Usisalimie mtu njiani. Ukivuka mto usigeuke nyuma. Sisi watu wa kanisa tuliwaacha waganga, vibuyu tukachoma, tukaimba. Lakini masharti hatukuyachoma. Tuliyabeba, na yalikuwa yanangoja mahali pa kukaa. Ukweli niliwapa bure nikiwa nimesimama kanisani, wakauimbia. Sharti hakuna aliyewapa bado.

Kesho yake asubuhi nilipanda juu ya kreti ya soda. Nilikunja uso vile shangazi alivyokuwa anakunja akinifundisha.

"Sikizeni. Kuanzia leo juisi hii ina masharti."

Foleni ikanyooka yenyewe. Kofia zikatoka vichwani.

"La kwanza, mgonjwa wa sukari hagusi asali wala sukari. Ikikutana nayo inageuka. Na yake si ya bitiruti, ni ya majani, glasi ndogo. La pili, mwenye sukari ama presha anakuja na vidonge vyake vya hospitali, anavimeza hapa mbele yangu. Hivyo ndivyo vinavyoifungulia njia. Bila vidonge juisi inapotea mwilini, na ikipotea sijui itaenda wapi."

"Uuui," mtu akasema.

Nikaona bado kuna macho machache yana shaka. Masharti yenye maana peke yake hayaaminiki, mtu anadhani umeyatoa kwa kichwa chako. Nikaongeza, "La tatu, unakunywa ukiwa umeipa Mombasa mgongo."

Hapo sasa! Watu wote wakapumua. Hilo la tatu, ambalo halina kichwa wala miguu, ndilo lililookoa yale mawili. Hakuna aliyeuliza vidonge vina kazi gani na juisi, lakini nilitumiwa wajumbe kuulizwa Mombasa hasa iko wapi ukiwa umesimama kwa mchinjaji. Kwa miaka mingi mngewaona madereva wa kwenda Mombasa wakigeuka kwanza kuangalia Nairobi, wanameza, halafu wanageuka tena kuendelea na safari.

Shangazi alisikia yote kutoka dirishani. Niliogopa, kwa sababu yeye alinijua, na kama kuna mtu angeniambia ni uongo, ni yeye. Alitoka nje polepole, ameshika mlango, amekonda, kopo la kakao kwapani. Akaketi kwa stuli. Akaizungusha stuli mpaka mgongo ukaangalia Mombasa. Akafungua kopo, akameza kidonge, akanyoosha mkono apewe glasi ya majani bila asali. Akaionja, akakunja uso.

"Wee mwiitu," akasema, "ungesema mapema! Siku zote hizi nimekuwa nikiinywa vibaya."

Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumpiga na mchi, yote pamoja. Nilimwambia tu ameze yote. Halafu nikaongeza kwamba sharti linataka mtu apimwe upya kwanza, tukaenda kliniki siku hiyo hiyo, na hakunibishia hata nusu neno.

Daktari wa kliniki naye alikuja kwangu siku chache baadaye, koti jeupe linapepea, hasira tupu. "Mama Syombua, ni nini hii? Watu wananijia ati niwape vidonge vya kumezea juisi! Kuna mzee wa kanisa, miaka yote namkimbiza aje kupimwa presha, leo amefika kabla sijafungua mlango, ananiambia niharakishe, juisi yake inangoja!"

Nikamweka chini kwa kreti nikamweleza. Alianza kucheka kidogo kidogo, mwisho akashika kichwa. "Miaka hii yote nimekuwa nikiwapa mawaidha," akasema. "Kumbe walitaka masharti." Nikampa glasi ya karoti na tangawizi. Aliipokea, akaanza kunywa, halafu nikamwona anageuza kreti pole pole.

"Daktari!"

"Ah, si vibaya kuwa na uhakika," akasema.

Shangazi hakupona siku moja, na msidanganywe, sukari haiponi. Ilitulia. Kiu ikapungua, mwili ukarudi kwa nguo, macho yakaona uzi kuingia kwa sindano. Akaanza kunitukana tena kazini, nikajua amekuwa mzima. Na Jumapili moja, wakati wa ushuhuda, nikaona anainuka kule mbele, ananyoosha kitenge.

"Bwana asifiwe!"

"Asifiwe!"

"Mimi hospitali walinipa vidonge, nikameza miaka, sukari ikabaki pale pale. Lakini juisi ya mtoto wangu Syombua imeniinua kitandani. Mnaniona nimesimama!"

"Amina!"

Nikasema, haya, tumerudi tulikotoka, anaviacha. Mchungaji naye, sijui ni roho gani ilimgusa siku hiyo, akauliza, "Na vidonge, mama? Sasa umeweka kando?"

Shangazi alimwangalia kama mtu aliyeuliza jambo la kitoto.

"Aa, Mchungaji! Hivyo nameza kila siku, sijakosa hata moja. Si kwa ajili yangu. Ile juisi haipendi kunywewa peke yake."

Nilikuwa kwa benchi yangu ya nyuma. Nilikuwa na haki ya kusimama nimsahihishe, tena mbele ya watu wote walionipigia makofi nikisema kweli. Nilisema Amina. Nilisema kwa sauti kubwa mpaka Mzee Mutinda akageuka kuniangalia, na machozi yalikuwa yananitoka, na sikuyapangusa.

Aliishi baada ya hapo mpaka akamlea mama yako, Mwende, akamwozesha, akakubeba wewe hapa mgongoni ukiwa na mafua, huku anaponda nanaa kwa mkono mmoja. Angekufa na kopo lake limejaa, wewe ungesimuliwa tu.

Basi leta hiyo rangi. Futa kibao chote, futa presha, futa sukari, futa na wasiwasi. Andika, Juisi ya Mboga. Nafasi imebaki hapo chini? Andika kwa herufi kubwa, hata mtu wa ndani ya lori aone: Njoo na vidonge vyako. Na kibao ukitundike kikiangalia Nairobi, maana wateja wangu wa zamani wataanza kuuliza.